Harufu ya Machungwa Naviundu

Watu wa Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, walimjua Delphine kwa pua kabla ya kumjua kwa sura. Asubuhi akitoka kuuza biskuti zake, harufu ya machungwa ilitangulia kwenye kona, naye akaja nyuma bila haraka, mjane mnene kiasi, mpole wa maneno, ila mkali kwelikweli kwa mtu anayebonyeza biskuti halafu asinunue.

Ufundi huo aliupata kiwandani. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, akazalia watoto wote Lubumbashi, na Delphine hata jina la kijiji cha baba yake alilitamka kwa kubahatisha. Alipokua aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha biskuti, chumba cha kuchanganya, na humo ndimo alimozoeana na mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda ya machungwa. Mafuta hayo ni makali. Tone likikudondokea mkononi utanukia mpaka kesho. Tena hayapatani na maji hata kidogo: ukiyamimina majini yanaelea juu, biskuti moja itakosa ladha na mwenzake itakuchoma ulimi. Lazima uyape sukari kwanza. Unachovya kijiti, unakipitisha kwenye sukari, unasugua kwa vidole taratibu mpaka yote inukie, ndipo unga unafuata.

Ukaja mwaka wa tisini na moja. Askari walianza kupora, raia wakafuata, na kiwanda kikasombwa chote. Watu walibeba unga, walibeba sukari, walibeba milango. Kuna bwana mmoja aliondoka na choo mgongoni, na kwake hata bomba la maji hakuna. Delphine alipofika alikuta chupa moja tu ya kahawia imeviringika chini ya dirisha. Hakuna aliyeijali kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini. Aliifunga ndani ya kitenge akaenda nayo nyumbani, na tangu hapo akawa anaoka mwenyewe, kwenye sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko lake la makaa, moto chini na makaa mengine juu ya kifuniko.

Jirani yake Mwansa, mama wa Kibemba mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa mzima, alikuwa msaidizi wake na rafiki yake. Walipendana sana, lakini kwenye mafuta hawakuelewana.

"Yaya, harufu ikiwa kidogo, muntu atajuaje kama alikula?" Mwansa alikuwa akiuliza; Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyomwita.

"Atajua, Mwansa. Ulimi si mufu."

Mwansa hakuridhika. Alipofiwa na mama mkwe wake, aliomba mafuta kidogo akaoka biskuti za kilio peke yake. Alimimina kijiko kizima ndani ya maji ya kukandia. Waombolezaji walikunywa chai, wakauma biskuti, na hata wale waliokuja kwa ajili ya wali tu walitokwa na machozi siku hiyo. Delphine alicheka mpaka akatolewa nje kwa heshima ya marehemu.

Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka. Watu wa asili ya Kasai waliambiwa Katanga si kwao, wafunge mizigo warudi walikotoka. Familia nzima zilihamia stesheni na magodoro yao, zikakaa pale juani kungoja treni. Delphine hakutaka kwenda. Alikuwa amezaliwa hapa, amezika mume hapa, na huko Kasai hakumjua mtu hata wa kumwomba maji.

Vijana waliopita nyumba kwa nyumba kuwafukuza watu wa Kasai walipomaliza barabara ya pili, Mwansa alikuja akamshika mkono.

"Yaya, kuja kwangu. Utabakia mu chumba ya nyuma mpaka mambo itatulia. Bakiuliza, nitasema ulienda ku stesheni."

Akaenda, na chupa yake kifuani. Mwansa akatangaza mtaani kwa sauti yake ile kwamba Delphine ameshaondoka, maskini, hata kuaga hakuaga. Watu wakaamini.

Delphine akakaa nyuma ya pazia. Mume wa Mwansa alikuwa amekwama Kipushi kazini, kwa hiyo ndani walikuwa wanawake wawili tu wakinong'ona. Kuishi kwa mikono mitupu kulimchosha kuliko hofu yenyewe. Basi Mwansa alipopata sukari na unga kidogo, Delphine aliomba aoke, mara moja tu, ili vidole visisahau. Wakaoka mchana, wakafurahi kama wasichana. Wanawake wazima wenye akili zao timamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba pazia halizuii harufu.

Biskuti zilikuwa bado moto mlango ulipogongwa. Delphine alirudi chumbani upesi. Sauti aliitambua mara moja: Gérard, kijana wa nyumba ya juu, aliyenunua biskuti zake karibu kila asubuhi. Alikuja na wenzake wawili, wenye fimbo.

"Mama Mwansa, harufu hii iko ya nani?"

"Iko yangu. Ni miye napika."

"Delphine tu njo alijuaka kupika hii. Ule mama iko wapi?"

"Alishaendaka. Nilisema."

Kisha Gérard akasema, tena kwa adabu kabisa, "Basi mama, pika ingine. Tutaona."

Mwansa akawapa viti. Wakaegemeza fimbo ukutani, wakakaa. Nyuma ya pazia Delphine aliufikiria ule mkono wa Mwansa, mkono wa kijiko. Mafuta yakiingia majini leo, wote wawili wamekwisha. Aliogopa zaidi kwa ajili ya Mwansa, aliyekuwa na kwao na hakulazimika kuingia katika haya. Akatega sikio asikie maji yakimiminwa.

Akasikia sukari. Ilimwagika kwenye bakuli, ikaanza kusuguliwa polepole, na kwa muda mrefu hapakuwa na sauti nyingine nyumbani. Harufu ikamfikia chini ya pazia, laini, haikuzidi popote. Kumbe Mwansa, mbishi yule, alikuwa akimtazama akisugua siku zote.

Wakangoja ziive. Delphine alisikia biskuti ikivunjwa, na kijana akitafuna.

"Njo ya Delphine kabisa," akasema Gérard.

"Alinifundisha mbele ya kuenda ku stesheni."

Gérard alitafuna mpaka akamaliza. "Alikuwa muntu muzuri, ule mama. Tutamukosa sana." Mwenzake mmoja akaitikia kwamba ni kweli, wakachukua fimbo zao, wakamshukuru Mwansa, wakatoka.

Delphine alikuwa amejiandaa kusikia matusi. Chuki angalijua pa kuiweka. Lakini kijana aliyekuja kumfukuza alikuwa akimsikitikia kama marehemu, na makombo ya biskuti mdomoni, na alisikika kuwa anasema kweli. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alijaza kitenge mdomoni, akalia mpaka Mwansa alipokuja kumkumbatia.

Treni zikaondoka na watu, miezi ikapita, mji ukanyamaza kidogo kidogo. Asubuhi moja Delphine alisema anatoka. Mwansa alimsihi angoje bado. Alikataa, akavaa, akashika barabara katikati, kweupe machoni pa watu.

Mbele ya nyumba ya juu alimkuta Gérard ananawa uso. Kijana alisimama na maji yakimchuruzika kidevuni.

"Mama Delphine," akasema. "Ulirudia lini?"

"Sikuendaka."

Gérard aliitazama nyumba ya Mwansa, akamtazama yeye, kisha akatazama chini. Delphine akamwacha pale na beseni lake, akaendelea na safari yake.