Nilimwambia Mzee Barasa Macho Yake Ndiyo Yalikosea

Admin, nifichie jina kabisa. Wanangu wako kwenye ukurasa huu, na hata mume wangu huusoma akisubiri chai.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi hapa Eldoret, nimestaafu ualimu wa chuo. Watu hunialika kuwatia moyo wasichana wanaosoma sayansi, na kila wakinipigia makofi natamani kujificha. Leo nitasema kwa nini.

Miaka ya themanini, enzi za chama kimoja, nilikuwa chuo kikuu nikisomea kilimo. Mwaka wa mwisho nilichagua nyasi za viwanja: kuzipanda, kuzikata, kuzilisha na kuzitibu. Baba yangu, ambaye alikuwa na duka Yamumbi, alicheka hadi akashika kaunta. "Nyasi? Ng'ombe wanazijua na hawajaenda university!" Wateja wakaanza kuniita Daktari wa Majani. Nikaapa nitawaonyesha.

Nilitumwa mazoezi ya miezi mitatu kwenye uwanja mmoja wa michezo mjini. Mtunza uwanja nitamwita Mzee Barasa, ingawa si jina lake. Alitoka upande wa magharibi, akiishi na mke na watoto watano katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jukwaa. Hakusoma sana, lakini kila asubuhi alivua viatu akatembea uwanjani peku. "Hapa iko na kiu, mama. Weka mguu usikie," alikuwa akiniambia. Mambo niliyoyasoma mwaka mzima alinionyesha kwa wiki moja, na bado aliniheshimu kupita kiasi kwa sababu ya chuo. Nikiandika kitu, kwake ilikuwa amri.

Kiangazi kikaja, nyasi zikawa rangi ya mkeka. Tukaambiwa mgeni mkubwa kutoka Nairobi atahutubia pale wiki ijayo. Mwenyekiti wa uwanja, mtu wa chama mwenye beji kwenye koti, akaja stoo akitafuna nyama choma aliyofungiwa kwa gazeti.

"Nataka kijani," akasema. "Si hiyo ndio unasomea?"

Nikamweleza kwamba mbolea nyingi bila maji ya kutosha huunguza nyasi. Kipimo chetu kilikuwa mkebe mmoja kwa kila mstari tuliopima kwa kamba, na hata huo ungesubiri mvua. Akacheka, makombo ya nyama yakanirukia usoni.

"Mgeni hangoji mvua. Weka mikebe nne. Na usisahau ripoti yako nasaini mimi."

Nikaandika. Tarakimu moja kubwa, 4, kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni pa stoo. Mzee Barasa akaisoma polepole akikunja uso. "Uko na hakika, mama?" Nikamwambia afanye kama ilivyoandikwa. Akachukua mkebe wake akaenda.

Mgeni alipofika, uwanja ulikuwa na mistari ya kahawia kama shati lililounguzwa na pasi. Alipoondoka tu, mwenyekiti alikimbilia stoo, akabandua karatasi kwa vidole vyake vyenye mafuta na kunisukumia mkononi. "Choma hii." Kisha akamsimamisha Mzee Barasa mbele ya wafanyakazi wote. Akamwita adui wa serikali, akamuuliza ni nani alimtuma kuaibisha chama.

"Niliweka nne," Mzee akasema, "vile msomi aliniandikia."

Wote wakanigeukia. Nikafungua huu mdomo wangu: "Mzee, niliandika moja."

Hakubisha. Laiti angenitukana! Alisugua macho kwa kiganja, akasema taratibu, "Basi ni haya macho yangu. Nisamehe, mama. Nimekuharibia masomo."

Aliniomba msamaha, mimi! Polisi wakamchukua, akakaa ndani wiki mbili. Jioni hiyohiyo vitu vyao vilitupwa nje. Nilimwona mke wake akiokota sufuria kwenye nyasi zilizoungua, na mimi nimeketi ofisini kwa mwenyekiti, ripoti ikisainiwa, nikinywa soda aliyoninunulia. Niliinywa yote. Ripoti ilisema mtunza uwanja alikosea kipimo, na chuoni ikasifiwa sana. Juu ya uchafu huo ndipo nilipojenga kazi yangu yote. Mwenyekiti alikuwa nguruwe, sikatai, lakini uongo ule hakunitamkia yeye.

Karatasi sikuichoma. Ninayo hadi leo, na doa la mafuta ya vidole vyake bado lipo.

Wiki iliyopita alinitembelea msichana anayesomea nyasi za viwanja, kozi ileile yangu. Mwalimu wake ndiye aliyemwelekeza kwangu. Alipokunywa chai akasema yeye ni mjukuu wa Mzee Barasa. Babu yake yuko hai huko Moi's Bridge, ila haoni tena.

"Kuka, babu yangu, husema wewe ndiye mtu pekee hakumtukana ile siku," akaniambia. "Ndio maana nasomea hii kitu, nisafishe jina letu. Amenituma nikuulize kama ulimsamehe."

Na mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia nilimsamehe zamani. Msichana akalia kwa furaha, akanikumbatia.

Jumamosi anakuja kunichukua, kwa sababu Mzee anataka kunishika mkono kabla hajafa. Nikisema ukweli, mtoto huyu atajua, mume wangu atajua, na wasichana wote walionipigia makofi watajua. Nikinyamaza, Mzee atazikwa akiamini aliiaibisha familia yake kwa macho yake mabovu.

Karatasi nimeitoa, iko hapa mezani. Yeye hawezi kuiona, kwa hiyo itabidi nimsomee mimi, kwa mdomo huuhuu. Ndugu zangu, nipeni ushauri kabla ya Jumamosi. Nitaanzaje?