Tairi Lililodumu Kupita Kiasi

Jamani, kidomodomo changu kimeniumbua. Juzi dukani, Shemeji Hamisi, kaka wa mke wangu, alishindwa kuchagua tairi la pikipiki yake ya safari. Nikamvuta nje kwenye pikipiki yangu.

“Chukua kama hili. Nimelifunga tangu Idi, kila Ijumaa naenda nalo Mwera kumpelekea mama mkwe samaki, wala halijaanza kulika!”

Ukweli, kila Ijumaa nilikomea kwa rafiki yangu, mtaa wa pili, tukawala samaki wale wale kwa ndimu.

Hamisi akainama, akalipapasa tairi. “Mbona bado lina vile vinyweleo vya mpira linavyotoka navyo dukani?”

“Ndiyo ubora wenyewe, shemeji.”

“Naona. Na samaki wa mama walikuwa wakienda Mwera kwa miguu?”