Maneno Niliyomwekea Kochi Mdomoni

Binti yangu alianza kucheza mpira wa Kiayalandi akiwa na miaka kumi. Shule yake ya Kikatoliki ilijaa wajukuu wa Waayalandi, karatasi ya ruhusa ikaja nyumbani siku ambayo nilikuwa nimetoka wadini nimechoka, nikaisaini bila kuisoma. Nilidhani ni soka.

Jumamosi ya kwanza nilikaa ndani ya gari kando ya uwanja, kaskazini mwa Birmingham, upande ule ambao mngurumo wa barabara ya M6 haukatiki mchana wala jioni. Nikaona watoto wanadaka mpira kwa mikono, wanakimbia nao, wanaudundisha, wanaupiga teke, na hakuna anayepuliziwa filimbi. Goli lilikuwa na wavu chini na milingoti miwili mirefu iliyopanda juu kama ya raga. Kochi alikuja akagonga dirisha, mkononi ana kikombe cha chai.

"Utaganda humo ndani," akasema, akanipa chai. Kisha akaona sare yangu chini ya koti. "Wewe ni nesi?"

"Ndiyo."

"Nesi wa kweli, wa hospitali?"

"Miaka kumi na tisa."

"Basi usiende popote," akasema, na Jumamosi iliyofuata nikakuta mkoba wa huduma ya kwanza unaningoja juu ya benchi.

Ni yeye aliyenifundisha mchezo. Kila timu ina wachezaji kumi na watano. Mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Alikuwa fundi bomba wa miaka thelathini na minane, amezaliwa hapa hapa, na lafudhi yake ilikuwa ya hapa hapa. Wazazi wake ndio walioletwa na kazi ya kuchimba barabara. Lakini aliposema "nyumbani" alimaanisha kijiji cha Ayalandi ambacho yeye alikwenda likizo tu. Mambo hayo niliyaelewa bila kuelezwa. Binti yangu naye husema Kenya ni kwao, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza.

Aliwafundisha wasichana na bado alichezea timu ya wanaume. Mkewe, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa akija mara moja moja na wavulana wao wawili. Aliwahi kuniambia kwamba ameolewa na wanaume kumi na watano, na kumi na wanne kati yao hawamsaidii hata kuosha vyombo. Tulicheka. Hatukuwa marafiki hasa, lakini tulikuwa tukichekeana.

Ilitokea siku ya mazoezi mwezi wa Juni, jioni, jua bado liko juu. Wasichana walikuwa wamemaliza na mimi nilikuwa nafunga mkoba. Wanaume walikuwa wamegawana pande mbili. Kochi alipokea mpira, akakimbia nao hatua chache, akaupiga, halafu akaanguka kifudifudi.

Nilidhani amejikwaa. Wenzake pia walidhani hivyo, maana mmoja alimfanyia mzaha. Nilipofika na kumgeuza, macho yalikuwa wazi na hayakunitazama. Alivuta pumzi moja ya kukoroma, ile ambayo sisi wa wadini tunajua si pumzi tena. Nikaanza kumkandamiza kifua. Kijana mmoja alikimbia kuleta mashine ya kushtua moyo kutoka ukutani pa klabu, na hakukawia. Nikambandika zile pedi. Mashine ikapima, kisha ikasema kwa sauti yake ya kike, tulivu: mshtuko hauhitajiki, endelea kukandamiza.

Nikaendelea. Tulipokezana, mimi na kipa, hadi ambulensi ilipofika, wahudumu wake nao wakaendelea pale pale nyasini kwa muda mrefu kabla ya kumchukua. Ilikuwa imekwisha. Nilijua ilikuwa imekwisha tangu nilipomgeuza.

Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo ambalo nimeshindwa kulizoea. Betri ya mashine ilikuwa nzima, ambulensi haikuchelewa, mikono yangu ilikuwa mahali pake. Kungekuwa na kosa ningekuwa na kitu cha kushika.

Jumamosi tulikwenda nyumbani kwa mama wa kochi, mimi na mume wangu. Nilibeba mandazi kwa sababu sijui kwenda matangani mikono mitupu. Nyumba ilijaa watu, chai, na mikate iliyokatwa pembetatu. Mama mwenyewe, mzee mdogo wa umbo, alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Aliambiwa mimi ni nani, akaninyooshea mkono, nikaketi kando yake. Hakuuachia mkono wangu.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Alisema chochote?"

Watu wakageuka kututazama. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi katika kazi yangu, na nina jibu lake: hakuumia, alilala tu. Ni jibu jema na mara nyingi ni la kweli. Lakini vidole vyake vilikuwa vinanikaza, na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayengoja kupewa kitu, nikaona aibu kumpa jibu ninalompa kila mtu.

"Aliuliza kama mpira umepita," nikasema.

Mama aliziba mdomo kwa kiganja, halafu akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka mabega yakatikisika. "Ndiye huyo," akasema. "Ndiye mwanangu kabisa." Chumba kizima kikacheka, kisha kikalia, na mwanamume mmoja aliyesimama kando ya kabati akasema ulipita, aliuona kwa macho yake, ulipita katikati kabisa. Wengine wawili wakasema nao waliuona. Kipa alikuwepo. Aliangalia kikombe chake. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama usoni tena.

Mke wa kochi alikuwa mlangoni pa jikoni, ameshika sahani. Hakucheka. Nikadhani ni msiba tu.

Ndani ya gari mume wangu aliniuliza, "Kwani alisema hivyo?"

"Hapana."

Tulipopita Perry Barr, kwenye yale maghorofa mapya, akauliza tena: "Sasa utafanyaje?"

"Nitafanya nini? Ni neno tu. Limemtuliza mama wa watu."

Padri alilirudia kwenye misa ya mazishi. Mwaka uliofuata, Juni, klabu iliandaa mechi ya kumbukumbu dhidi ya klabu jirani ambayo kila siku walikuwa wakigombana nayo. Michango yote ilikuwa ya shirika linalopima mioyo ya vijana wanamichezo. Watu walijaa mpaka magari yakaegeshwa barabarani. Wachezaji walipotoka, niliona jezi mpya, na mgongoni, chini ya namba, swali lenyewe limechapwa kwa herufi nyeupe: Umepita? Wasichana wote walikuwa nazo. Binti yangu alikuwa nayo. Wavulana wa marehemu walikuwa nazo, za saizi ndogo kabisa, zinawafika magotini.

Waliniita katikati ya uwanja niurushe mpira wa kwanza. Walinipigia makofi kwa muda mrefu. Kila mpira ulipopita juu ya mwamba, umati wote uliitikia kwa kelele, "Umepita!" na mama, aliyefunikwa blanketi kwenye kiti cha kukunja, aligeuka kunitafuta kwa macho. Nami nilimpungia mkono.

Mwaka wa pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Vijana kadhaa walikuwa wamehama, wengine wamerudi Ayalandi kwenye kazi. Timu haikufika watu kumi na watano. Ikabidi wapatane kucheza kumi na wawili kwa kumi na wawili, na bado wakaazima watatu kutoka upande wa pili. Wakati wa mapumziko nilikwenda kuchukua barafu nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Nikamkuta mke wa marehemu amesimama peke yake kando ya mapipa ya taka, kofia ya koti kichwani.

"Nikuulize kitu," akasema. "Unijibu kama nesi."

"Uliza."

"Alipouliza lile swali, alikuwa na akili zake?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Najaribu kuelewa, basi. Alikuwa amebakiwa na pumzi ya maneno mawili matatu. Akayatumia kwa mpira. Mkubwa aliniuliza kwa nini baba hakuwataja, nikamwambia hakupata nafasi. Akaniambia, lakini aliuliza mpira. Nimjibu nini? Na mdogo yuko pale sasa hivi, amelivaa mgongoni."

Mvua ilikuwa inagonga mifuniko ya mapipa. Ningeweza kumwambia kwamba hakuwa na akili zake, ubongo ulikosa hewa, maneno hayakuwa na maana. Lingekuwa jibu la kinesi. Lakini nilikuwa nimechoka nalo.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Alikuwa amekwisha kufa kabla sijamfikia. Nilitunga."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Ulitunga."

"Mama mkwe wako aliniuliza mbele ya watu, alikuwa amenishika mkono, nikaona…"

"Kumbe ungeweza kusema lolote," akasema. "Lolote lile. Ungeweza kutaja jina langu. Ungepungukiwa na nini?"

Ukweli, ambao sikumwambia, ni kwamba hakunijia akilini hata kidogo. Nilimfikiria aliyekuwa amenishika mkono.

"Nitakwenda sasa hivi nimwambie mama," nikasema. "Nitawaambia wote."

"Thubutu!" Ndipo sauti ilipompanda. "Yule mzee hana kitu kingine. Umwambie ili wewe ulale vizuri? Miaka miwili mimi nimemkasirikia mtu aliyekufa. Nimekwenda kaburini kumtukana, unasikia? Nimemtukana. Sasa sijui hata nimkasirikie nani."

"Nikasirikie mimi."

"Wewe?" Akafuta uso kwa kiganja. "Wewe ulikuwa unajaribu kusaidia."

Akaniacha pale. Niliporudi uwanjani na barafu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, amemshikia mwavuli. Mtu alipiga mpira, ukapita, wachache waliobaki wakaitikia kama kawaida. Yeye alipiga makofi pamoja nao.

Tukiwa kwenye gari kurudi nyumbani Great Barr, binti yangu alivua jezi iliyolowa, akaikunja, akaiweka sakafuni. Akasema kwa Kiingereza kwamba hataki kucheza tena. Nikamwuliza kwa nini.

"Mimi nilikuwa pale, Mami," akasema. "Nilikuwa nimesimama karibu kuliko kipa. Hakusema chochote."

Nikaendelea kuendesha. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wewe unajua," akajibu, akageukia dirishani. Alikuwa na miaka kumi na miwili ilipotokea. Miaka miwili amenisikia nikipongezwa, amevaa jezi, amenyamaza. Sijui alijifunza nini kutoka kwangu katika muda huo, na naogopa kumwuliza.

Mke wa marehemu alihama na wanawe kabla ya Krismasi, akaenda kuishi karibu na dada yake, mji mwingine. Nilimwandikia barua. Niliichana, nikaandika nyingine fupi, nikaituma. Hakujibu, na sikutarajia ajibu. Mechi ya tatu haikuchezwa. Klabu ilikuwa imeungana na nyingine kwa kukosa watu, na hao wapya hawakumjua kochi. Ikasomwa misa ya kumwombea, tukawa watu kumi hivi kanisani.

Mama wa kochi sasa yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, si mbali na kwangu. Huwa nampitia nikitoka kazini. Kumbukumbu zake zinamponyoka, lakini mimi bado ananijua, na kila nikifika huniomba nimsimulie tena siku ile. Mwanzoni nilijaribu kuzungumzia mambo mengine. Anakasirika, anaanza kulia. Kwa hiyo namsimulia. Nalisema lile neno, anacheka, ananipapasa mkono, na baada ya muda ananiuliza tena. Siku nyingine nalisema mara nne.

Wiki iliyopita kulikuwa na mlezi mpya zamu hiyo, msichana wa Kenya. Alisikia ninavyotamka Kiingereza changu, akanisalimu kwa Kiswahili koridoni.

"Shikamoo, dada. Huyu nyanya ni nani yako? Anakutaja sana."

"Nilimuuguza mwanawe," nikamwambia.

Nayo haikuwa kweli.

"Mungu akubariki," akasema, akaenda kusukuma toroli la chai.