Waliolala Nje ya Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kitengo cha Nasaba hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa buti, tukapanda gari la kaunti, tukatoka mji wa Woodbridge, huku Marekani, hadi kwenye msitu mmoja karibu na mto Potomac. Palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na ndani yake alizikwa Kanali wa enzi za mfalme wa Uingereza pamoja na jamaa zake. Nje ya ukuta yalisimama mawe ya kawaida yasiyo na maandishi, katikati ya majani yanayotambaa.

"Ukikuta majani haya msituni, simama," akaniambia. "Watu wa zamani waliyapanda makaburini."

"Na hawa wa nje ni nani?"

"Watumwa wa Kanali. Majina hatuna."

Nilikuwa nimetoka Kilimanjaro na shahada yangu ya historia, na miaka miwili ya kuosha vyombo mkahawani mjini College Park. Jibu lile nililiona la mtu mvivu. Nilidhani majina yapo mahali, yanasubiri mwenye bidii.

Nasaba za kaunti kongwe kama ile hufuatwa kwa wosia, na kwa orodha ya mali ya marehemu, ambayo majirani waliiandika wakipita chumba kwa chumba. Kulikuwa pia na kumbukumbu za kupita mipaka: kila baada ya miaka kadhaa kanisa la parokia liliwatuma majirani watembee kuzunguka mashamba na kuitia miti alama upya kwa shoka, watu wasije wakagombana. Kwa karatasi hizo ningeweza kukuonyesha mwaloni uliokuwa pembe ya shamba la Kanali. Watumwa waliandikwa kwa jina moja moja, baina ya ng'ombe na vitanda. Wazao wa Kanali walipokuja na fulana zao zilizoandikwa jina la ukoo, niliwapandisha vizazi saba nyuma kabla ya chakula cha mchana, wakafurahi, wakapiga picha na mimi.

Kisha, nilipokaribia kustaafu, akaja Bi Loretta, muuguzi mstaafu wa mji wa Takoma Park, Mmarekani mweusi. Bibi yake alikuwa amemsimulia kwamba bibi wa huyo bibi, aliyeitwa Hana, alizikwa nje ya ukuta ule. Sasa kampuni moja ilitaka kujenga pale jengo kubwa la kuwekea kompyuta. Ndani ya ukuta hapangeguswa, maana wazao wanajulikana. Wa nje wangehamishwa, isipokuwa mzao mwenye ushahidi wa maandishi apinge. Bi Loretta alitaka waachwe, naye siku yake ikifika alazwe pale pale. Sisi Wachaga huzikana kihambani, migombani karibu na nyumba, kwa hiyo hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Nilimpandisha hadi kwa mama wa bibi yake bila shida. Hana alikufa kabla ya uhuru wa watumwa, hakuwahi kuandikwa kwa jina la ukoo. Katika orodha ya mali ya kitukuu wa Kanali walitajwa akina Hana wawili. Nikampa kazi Wanjiru, Mkenya tuliyekuwa naye masijala.

"Mzee, nimesearch mpaka macho yananiuma," akasema. "Hao Hana wawili hawana surname, hawana age. Tutaprove aje?"

"Tafuta tena."

"Nishatafuta tena, Mzee. Pole."

Nikaenda kwa Mkuu. "Mimi namwamini," akasema, akitazama dirishani. "Lakini kamati ya kaunti haitapokea hadithi ya bibi."

"Bi Loretta alitueleza mawe yalivyokaa kabla hajafika pale, Mkuu."

"Andika ripoti, Kimaro."

Nikaandika kwamba uhusiano haukuthibitika. Wakafukuliwa. Baada ya miaka yote ile kilichobaki kilikuwa udongo mweusi kidogo kuliko ule wa pembeni na vifungo vichache vya nguo. Udongo ulitiwa masandukuni, ukazikwa mbali, chini ya jiwe moja. Bi Loretta aliniuliza Hana yuko upande gani. Nikamjibu sijui. Akanishukuru, na shukrani ile iliniumiza kuliko tusi.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Vijana huniuliza kama waingie kazi hii, na sina neno la kuwatia moyo. Siku hizi nasaba inatafutwa na kompyuta, huenda na zile zinazonguruma pale msituni, nazo zinasoma karatasi zilezile.

Mwaka huu Bi Loretta alifariki. Mchungaji wake akasema nimsomee marehemu historia yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeitafuta. Nikasimama kanisani. Yaliyonijia mdomoni ni majina ya Kanali, mwanawe, mjukuu wake, kitukuu. Nilijua shamba lile na watu wake vilirithiwa na nani baada ya nani. Nikayameza. Nikamtaja Loretta, mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake, Hana. Watu wakasubiri niendelee. Nikaketi.