Upepo Niliomfungulia Zoya

Upo mchana mmoja wa Doha, mwanangu, ambao haujaniacha hadi leo. Nikifumba macho nauona ukumbi mkubwa mweupe, taa zote zinawaka ingawa nje jua ni kali, na manyoya ya bata bukini yametapakaa sakafuni. Wakati mwingine najiuliza kama nilikuwepo kweli au niliota. Nilikuwepo. Hebu acha kwanza hilo begi, ndege yako ni Jumapili na leo ni Ijumaa, nguo hazitakimbia.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, Doha yote imejaa winchi na vumbi, nami kazi yangu ilikuwa kutunza ukumbi wa michezo huko Al Rayyan. Nilipiga deki, nilifunga nyavu, nilikunja taulo, na nilishika ufunguo wa kabati la swichi za viyoyozi. Ufunguo huo niliuvaa shingoni. Usinicheke, nilitembea nao kama mkuu wa wilaya.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya mpira wa vinyoya, ile badminton ya kupiga kinyoya kwa raketi, walifika wanawake wawili wa Kirusi, Zoya na Raisa, waliokuwa wakicheza pamoja, wawili dhidi ya wawili. Zoya alikuwa mfupi, mchangamfu, magoti yote mawili kayafunga bandeji. Raisa alikuwa mrefu na mkimya, ukimsalimia anainamisha kichwa, basi. Zoya alisimama mbele karibu na wavu, Raisa nyuma karibu na mstari wa mwisho, na Zoya hakugeuka kumtazama mwenzake hata mara moja. Aliniambia hana haja. Anaisikia raketi ya Raisa na anajua kinyoya kinakwenda wapi.

Mimi na Zoya tulipatana upesi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, changu pia, kwa hiyo hakuna aliyemwonea haya mwenzake. Jina langu, Mwanaidi, lilimshinda, akaniita Idi. Akimaliza mazoezi alikaa sakafuni kando yangu, kanyoosha miguu, akanisimulia. Alianza kucheza akiwa na miaka minane, katika mji ambao theluji hupanda hadi madirishani. Akicheza peke yake alikuwa anaogopa mpaka anatapika kabla ya mechi. Alipofika miaka kumi na mitatu mwalimu akamweka na Raisa, na ile hofu ikaisha. Tangu hapo ilikuwa miaka kumi na sita. Walilala katika hoteli za miji ambayo wamesahau majina yake, walichukua ubingwa kwao, walifungwa ugenini wakalia pamoja ndani ya basi. Goti la Zoya lilipopasuliwa, Raisa alikaa mwaka mzima akimngoja, hakukubali kucheza na mtu mwingine.

Sasa walikuwa wamebakiwa na nafasi moja. Wakishinda Doha, wangeingia mashindano makubwa ya dunia ambayo hawakuwahi kuyafikia. Wakishindwa, magoti ya Zoya yasingengoja nafasi nyingine.

Kuna jambo inafaa ulijue ili unielewe. Kinyoya ni chepesi mno, upepo mdogo tu unakihamisha. Kwa hiyo watu wakicheza, viyoyozi huzimwa, na ukumbi wa Doha bila kiyoyozi utakuja kuujua mwenyewe. Zoya na Raisa waliomba vizimwe tangu siku ya kwanza ya mazoezi, ili walizoee lile joto. Mimi nilikaa chini ukutani, jasho likinitiririka, nikisikia tak, tak, tak, nikitazama kinyoya kinapanda hadi karibu na taa, kinasimama kidogo, kisha kinashuka taratibu. Macho yalikuwa yanajifumba yenyewe. Manyoya yaliyovunjika yakidondoka nilidhani ndiyo theluji ya Zoya, nikajiona nimesimama katikati yake na kanga zangu, wala sisikii baridi. Sijui mara ngapi nililala pale nikaamka, na wao bado wanapiga, na mwanga wa madirisha ya juu umeshahamia ukuta wa pili. Niliwapenda wale wanawake, Zoya hasa. Nilitamani nimfanyie kitu.

Ikafika siku ya mechi yao, alasiri. Seti ya kwanza walishinda, ya pili wakapoteza. Kabla ya seti ya tatu wakapewa mapumziko mafupi, na Zoya akaketi, uso mwekundu, mikono magotini, kifua kinapanda na kushuka. Nikasema moyoni, mtoto wa theluji huyu atazimia. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwenye kabati, nikageuza ufunguo, nikawasha kiyoyozi kimoja tu, kilichokuwa nyuma ya upande wao, kwa nguvu ndogo kabisa. Upepo ukamfikia. Zoya akafumba macho, akauinulia uso, akatabasamu. Na mimi nikatabasamu peke yangu kule pembeni, nikijiona nimeokoa maisha ya mtu.

Seti ya tatu ikaanza. Raisa akapiga kutoka nyuma, kinyoya kikapita mstari wa mwisho wa wapinzani kwa upana wa kiganja. Nje. Akapiga tena, nje tena. Akapunguza nguvu, kikawa kifupi, wapinzani wakakishindilia chini. Hapo Zoya akageuka nyuma kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo. Raisa akaitazama raketi yake, kisha akautazama mkono wake, na mimi nikaelewa palepale kwamba ni ule upepo wangu.

Nikataka kwenda kuzima. Lakini msimamizi wetu alikuwa ameshasimama mbele ya lile kabati akizungumza na wageni, na kumwomba asogee kulikuwa ni kujitaja. Nikabaki nimeushika ule ufunguo wangu wa ukuu wa wilaya. Walipobadilishana upande katikati ya seti mambo yalikuwa yameharibika, mkono wa Raisa ulishaingiwa na woga, na sasa upepo ulikuwa unawarudishia kila wanachopiga. Wakafungwa. Kwenye mabegi Zoya alimwambia mwenzake maneno machache ya Kirusi, makali. Raisa alibeba begi lake akatoka peke yake.

Kesho yake nilimwambia Achieng. Huyo alikuwa Mkenya, mwenyeji wa Kisumu, mlinzi wa mlango wa ukumbi, na tulikaa chumba kimoja. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, akaweka kijiko chini.

"Mwanaidi, wewe nyamaza kabisa," alisema. "Hiyo stori ikifikia supavaiza unapigwa kalamu, unapandishwa ndege. Hao wazungu watasahau wakifika kwao. Na watoto uliowaacha nyumbani je?"

Achieng hakuwa na roho mbaya, alikuwa ananihurumia. Nami nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia maneno hayo hayo. Nikanyamaza siku mbili nzima.

Siku ya tatu, mchana, Zoya akaja ukumbini peke yake kuchukua viatu alivyosahau. Akakaa pale petu ukutani. Aliniambia Raisa anaondoka jioni ile kwa ndege, peke yake. Siku nyingi mwalimu wao alikuwa anamtaka Raisa acheze na msichana mwingine, mdogo, mwenye magoti mazima, na baada ya mechi Zoya alimuuliza kama ameshachoka naye ndiyo maana alipiga vile. Raisa hakumjibu yeye. Alimjibu mwalimu. Alimwambia mkono wake umekufa, hatashika raketi tena, si kwa Zoya wala kwa mtu yeyote.

Nikamweleza kila kitu. Kabati, ufunguo, upepo. Nilisema nikilia, na kusema kweli nilitegemea anishike bega aniambie yamepita.

Zoya akasema polepole, "Idi, wiki mbili umekaa hapa. Hukutuona tukicheza katika joto hili?"

"Niliwaona."

"Mbona basi hukuniuliza?"

Kuuliza kungechukua sekunde mbili tu. Ningemsogelea na taulo, nikamwambia, Zoya, niwashe? Angesema hapana. Nadhani hata wakati ule nilijua angesema hapana, na mimi nilitaka kutenda wema wangu.

"Halafu unaniambia mimi," akaendelea. "Mkono ulionyang'anywa ni wake. Nenda kamwambie yeye. Na mimi nina langu la kumwambia, kwa sababu niligeuka nyuma. Mimi nitamngoja hapa."

Nilimwachia Achieng ukumbi pamoja na mlango wake. "Haya, nenda," alisema, "lakini mimi nilikuambia." Nikapanda teksi na sare yangu ya kazi, ndala miguuni, nikaingia katika hoteli waliyofikia, yenye sakafu unayojiona ndani yake. Raisa alikuwa amekaa mapokezi, begi kando, koti la baridi limelala magotini katika lile joto letu. Kiingereza alikuwa hana kabisa. Nilianza kusema, nikaona hanielewi, nikaacha.

Mfukoni nilikuwa na kinyoya kikuukuu, maana nilikuwa nikiviokota. Nikakiweka kiganjani, nikamwonesha ufunguo wa shingoni, nikajionesha mimi kwa kidole. Kisha nikakipuliza. Kikaondoka kiganjani kikaenda kuanguka mbali, karibu na miguu ya watu. Raisa alikitazama pale chini kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Halafu akainuka, akaliacha lile koti kwenye kiti, akachukua begi la raketi.

Tulipoingia ukumbini Zoya alikuwa palepale ukutani. Hawakusalimiana. Raisa alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa nyuma, upande uleule, akasubiri. Zoya akainuka na magoti yake, akachukua raketi nyingine kwenye begi la mwenzake, akavuka upande wa pili wa wavu, akaanza kumrushia. Viyoyozi vilikuwa vimezimwa. Tak. Kinyoya kikapanda kwenye taa, kikasimama, kikashuka juu ya mstari. Tak. Juu ya mstari. Sijui walipiga vingapi, mimi nilikuwa ndani ya usingizi ule wangu wa macho wazi, ila vyote vilitua palepale.

"Idi!" Zoya akaita. "Washa!"

Nikawasha. Raisa akapiga, kikapita mstari kwa upana wa kiganja. Akapiga kingine, kikapita vilevile. Raisa akaangusha raketi, akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubusu, akaketi chini akalia kwa sauti. Zoya akainama akapita chini ya wavu na magoti yale mabovu, akaenda kukaa naye. Walisemezana Kirusi. Sikuelewa neno hata moja, na nilizima kile kiyoyozi nikatoka nje wamalize.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa msimamizi kabla hajaambiwa na mtu. Hakunipandisha ndege, Achieng alikosea hapo, lakini ufunguo aliuvua shingoni mwangu kwa mkono wake, nikapelekwa chumba cha kufulia taulo. Niliona aibu sana siku ile. Nilibaki huko mpaka mkataba ukaisha, na mikataba iliyofuata niliifanya katika hoteli, mlemle Doha.

Nisikudanganye, mwanangu. Mechi ilibaki imepotea, na mashindano makubwa ya dunia hawakuyaona. Walicheza pamoja miaka miwili zaidi, katika vimashindano vidogo, mpaka magoti ya Zoya yakakataa. Baadaye sana, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, Zoya alirudi Doha kufundisha watoto mchezo ule, akaniuliza kwa watu mpaka akanipata. Nilikwenda kumwona ukumbini kwake nikamkuta Raisa, amekuja kumtembelea, nywele zimeanza mvi, na Kiingereza kidogo ameshakiokoteza. Kulikuwa na joto la kukata pumzi. Zoya akanipa ufunguo wa swichi mkononi, akicheka. Nikamgeukia Raisa, nikamuuliza, "Niwashe?"

Raisa akafikiri. Akanyanyua mkono wake wa kulia. "Bado," akasema, na wakaingia kucheza, Zoya mbele, Raisa nyuma. Nami nikakaa ukutani na ufunguo wangu, nikafumba macho.

Sasa nisikilize. Wewe unakwenda Umm Salal, hapo karibu na Doha, kumtunza bibi wa watu, na najua moyo wako, ni mwepesi kama wangu. Ukimkuta amekaa uani juani, usimvute kivulini kabla hujamuuliza. Huenda hilo jua analitaka. Usimkatie nyama, usimfunike shuka, usimfungie dirisha, mpaka umwulize na usubiri jibu lake, hata kama amechelewa kulitoa. Na siku ukikosea, kwa maana utakosea, usimkimbilie yule unayejua atakusamehe haraka. Nenda kwa yule aliyebebeshwa lawama yako, na nenda siku hiyohiyo. Siku mbili nilizonyamaza mimi, Raisa alizilala na kuziamka akiamini mkono wake umekufa, na hizo sina namna ya kumrudishia.

Mungu akutangulie safari yako, mwanangu, akulinde na joto na upweke wa kule. Akupe mtu wa kusimama nyuma yako ambaye hutahitaji kumgeukia, na akufanye wewe mtu huyo kwa mwingine. Akurudishe kwetu mzima, na mikono yako yote miwili mizima. Amina.

Haya, hilo begi. Nikusaidie kulifunga, au bado?