Msaidizi wa maabara aliyewatoa majaji nje kutazama kivuli

Saa saba kasorobo mchana, vumbi la mbao kutoka viwanda vya Elburgon linapenya dirisha la maabara lisilo na kioo. Rodah Cheptanui anasuuza mirija ya kioo na kuuliza maswali bila kugeuza kichwa.

"Sayari gani siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake?"

"Zuhura," anajibu Jepkemei, nahodha wa timu ya wanafunzi wanne.

"Kwa nini?"

Daftari zinafunuliwa haraka haraka.

"Mkinipea jina pekee sijaridhika. Rudini hapo," anasema, na mrija mwingine unaingia kwenye maji.

Rodah, 46, si mwalimu. Katika shule hii ya kutwa yeye huosha vyombo, hupima kemikali na hufagia. Miaka mingi alikuwa mpanga mbao, hadi kiwanda kilipofungwa na shule ikamchukua kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Miezi michache iliyopita, mwalimu wa fizikia aliyesimamia klabu ya sayansi alipohamishwa, kazi hiyo isiyo na malipo ilikosa mwenyewe. Rodah akaishika, akidhani ni ya wiki mbili.

"Fizikia nilipata D," anasema na kucheka mpaka mabega yanatikisika. "Leo mimi ndiye nafunza watoto wa watu mambo ya nyota. Si ni maajabu?"

Alirithi rundo la maswali 340 ya mazoezi, mengi yakiwa yametolewa kwenye vitabu vya ng'ambo. Hakuyaamini hivi hivi. Kiwandani, anaeleza, ukiambiwa ubao ni futi kumi unaupima mwenyewe, kwa sababu ukipungua ni wewe utakayeulizwa. Basi akaweka sheria: jambo lolote linaloonekana kwa macho halijibiwi ndani ya darasa.

Ndivyo walivyokwama mwezi Juni kwenye swali la kivuli cha saa sita mchana. Kitabu kilisema kivuli huelekea kaskazini. Walisimamisha kijiti uwanjani siku tatu mfululizo, na siku zote tatu kivuli kikalala kusini.

"Madam, na kitabu je?" Jepkemei aliuliza.

"Kitabu iliandikwa mahali jua haipiti juu ya kichwa," Rodah alimjibu. "Sisi tuko karibu na Ikweta. Nusu mwaka jua inakaa upande huu, nusu ule. Andika chenye umeona."

Katikati ya Julai walifika mjini Nakuru kwa mashindano ya eneo, ambapo timu moja tu ingesonga mbele hadi fainali za kitaifa. Swali la mwisho likawa lile lile: ukisimama Nakuru tarehe 21 Juni, saa sita mchana, kivuli chako kitaelekea wapi?

"Kusini," alijibu Jepkemei bila kusita.

Wakakosa alama mbili. Wakashindwa kwa moja.

"Yule mtoto hakuangalia majaji. Aliniangalia mimi," Rodah anakumbuka, na hapa kicheko chake kinakatika. "Nikajiambia, Rodah, ungemwacha akariri kitabu tu, saa hii angekuwa anaruka."

Rufaa ilipaswa kuwasilishwa na mwalimu, ndani ya dakika kumi. Mwalimu aliyepangiwa safari hiyo alikuwa amebaki shuleni. Rodah akasimama. Jaji mkuu, Lewis Khaemba, akamuuliza kwa upole yeye ni mwalimu wa somo gani.

"Mimi naosha chupa za labu," alijibu. "Lakini sasa hivi jua iko upande ule ule ilikuwa Juni, na si mbali. Iko hapo nje."

Baadhi ya watu walicheka. Khaemba hakucheka, alivua miwani na kuufuata mlango. Wakatoka wote hadi kwenye mlingoti wa bendera, na wingu likafunika jua. Wali ulikuwa umeshapakuliwa na majaji wawili walikuwa wakitazama saa. Rodah anasema hajawahi kuomba Mungu hivyo, hata siku aliyojifungua.

Wingu lilipopita, kivuli cha mlingoti kikajichora kwenye nyasi. Nakuru hakuna anayehitaji dira: Menengai iko kaskazini, ziwa liko kusini. Kivuli kilikuwa kimeelekea ziwani.

"Swali lilikuwa la zamani, la nchi nyingine," Khaemba ananiambia kwa simu. "Tulitoa jina la mji wao tukaweka Nakuru. Jibu tukaliacha vile lilikuwa. Niliona aibu, lakini ni afadhali mimi niaibike."

Alama zilirudishwa. Wanafunzi walirukiana, Rodah aliketi chini kwenye nyasi na kulia hadi leso ikalowa. "Ulikuwa mzigo umetoka kifuani," anasema. "Hata wali sikuonja, na nilikuwa na njaa."

Fainali ni mwezi ujao. Safari hii mwalimu mkuu ameandika jina la Rodah kwenye fomu, mahali pa msimamizi, na Januari Rodah anataka kujiunga na kozi ya ufundi wa maabara.

Ila kuna jambo lililomnyima raha. Khaemba alimwambia swali hilo limetumika miaka minne. Kwa hiyo yeye na wanafunzi wanapitia maswali yote ya zamani, wakipima kila linalopimika, ili wawakabidhi majaji orodha ya majibu yenye makosa na waombe izifikie shule zote zilizowahi kushiriki.

"Kuna mtoto mahali, pengine Kuresoi, pengine Gilgil, alisema kusini na akaenda nyumbani akijiona mjinga," anasema, akipangusa mikono kwa aproni. "Simjui. Lakini nataka aambiwe alikuwa sawa."