Aliyejikabidhi Zamu

Dereva alisimamisha basi mbele ya geti la hospitali ambayo haikuwemo kabisa katika safari yangu. "Mzee, shuka hapa," alisema, akiutazama mguu wangu uliovimba kama gogo. "Huko mbele utanifia, na mimi sina pa kukuweka." Abiria wakacheka, kisha wawili wakanishika kwapani wakanishusha pamoja na begi langu. Mchubuko wa kiatu, niliouona kitu kidogo tu, ulikuwa umenifikisha kwenye mji ambao sikumjua hata paka wake.

Ndivyo nilivyokutana na daktari ambaye wagonjwa walimwita Mama Zamu.

Wodi ilikuwa ndefu, kuta zimepakwa kijani mpaka usawa wa bega. Asubuhi ya pili nilimwona amesimama miguuni pa kitanda cha jirani yangu, seremala aliyepasuliwa tumbo, akizungumza na hewa. "Huyu homa imeshuka. Mshono mkavu. Uji umekaa tumboni." Akanyamaza kama anayesubiri swali, kisha akasogea kitanda kinachofuata. Alipoimaliza wodi nzima alitoka nje, akavua koti jeupe, akanawa uso kwenye bomba la mlangoni, akalivaa tena, akaingia kama mgeni.

"Habari za usiku, dada?" alimwuliza muuguzi mkuu.

"Njema, daktari. Karibu zamu," muuguzi alijibu bila kutabasamu, na wakaanza upya kitanda cha kwanza.

"Amerukwa na akili?" nilimnong'oneza seremala.

"Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Subiri afike kwako."

Alifika. Alinitazama kama hajawahi kuniona, ingawa ni yeye aliyenisafisha kidonda jana yake. "Kabla sijapokea," alisema taratibu, "aliyetoka zamu ametazama nyuma ya goti?"

Muuguzi akatikisa kichwa. Vidole vya daktari vikapita chini ya goti langu, nami nikapiga yowe lililoamsha wodi. Usaha ulikuwa umejificha pale pale. Aliutoa asubuhi hiyo hiyo. Nimelazwa katika nchi nyingi, nimeeleza maumivu kwa lugha nilizozijua nusunusu, lakini sikuwahi kumwona mtu akijikosoa kwa heshima namna ile.

Muuguzi ndiye aliyenieleza, huku akinifunga bendeji. Zamani madaktari walikuwa wengi, na walikabidhiana wagonjwa kitanda kwa kitanda. "Anayemaliza zamu huona alichozoea kuona. Anayeingia ndiye mwenye macho. Sasa wenzake wameondoka. Mmoja yuko ng'ambo. Mmoja anauza vigae."

"Vigae?"

"Vya sakafu. Kanenepa, analala usingizi, hatumlaumu. Wapya nao huletwa. Wa mwisho aliaga anakwenda kula mchana, mpaka leo anakula. Basi daktari akasema, kama hakuna wa kuingia, nitaingia mwenyewe."

Siku nyingine nilimwuliza mwenyewe kama hachoki.

"Kuchoka nilikupita zamani, kaka. Sasa nimekauka. Juzi mgonjwa kanishukuru, nikamkodolea macho tu. Nimesahau watu hujibu nini." Alikata plasta kwa meno. "Nina binti, analelewa na dada yangu mji mwingine. Dada yangu ndiye anayemwita mama. Mimi ananiita daktari. 'Mama, daktari kapiga simu.' Nimewaahidi: mpya akija akapokea kweli, naondoka. Nikibaki tena, sitakuwa na wa kumrudia."

Mpya alikuja wiki hiyo hiyo, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. "Viatu hivyo havifiki mchana," seremala alisema chini chini. Nje ya dirisha langu, kwenye benchi, mwanamke alikuwa ameketi na mtoto wa kike aliyepakata mkoba. Sikuhitaji kuambiwa ni akina nani.

Mama Zamu alikabidhi, na kwa mara ya kwanza hewa ikamjibu. Kijana aliuliza kila kitanda. Kwangu alinikunja goti, akalinyoosha, akatafakari. "Ametembea?"

Mama Zamu aliutazama mguu wangu. "Sijui," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshushiwa mzigo ambao hakuujua uzito wake mpaka ulipotoka.

Walimaliza. Akatoka. Akavua koti, akanawa uso kwenye bomba, akalivaa koti, akaingia.

"Habari za usiku, dada?"

Seremala alijifunika shuka mpaka usoni. Nje, mtoto alikuwa amesimama juu ya benchi akichungulia.

Muuguzi mkuu alikwenda akasimama mbele yake, katikati ya mlango. Kwa mara ya kwanza hakumwita daktari. "Zamu imepokelewa, mdogo wangu."

"Kaipokea nani?" Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza.

Kijana alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi."

"Wa mguu sijamtembeza."

"Nitamtembeza mimi."

Alimtazama kijana, akavitazama viatu vyake, akaturudia sisi, kitanda kwa kitanda. Kisha akavua koti. Alibaki nalo mkononi, hajui pa kuliweka, mpaka muuguzi alipomchukulia. Ndani ya gauni la kawaida alikuwa mdogo ajabu. Nilijiuliza mwili ule uliibebaje wodi yote hii.

Niliisikia sauti ya mtoto dirishani. "Daktari, umemaliza?"

Mama Zamu alitoka nje, akamshusha kwenye benchi, akachuchumaa mbele yake. Alichomjibu sikukisikia. Nilimwona mtoto akifikiri kwa muda mrefu, kisha akamkabidhi mkoba wake abebe. Wakaondoka watatu kuelekea getini, naye hakugeuka.

"Haya, mzee," kijana alisema nyuma yangu, akiviringisha mikono ya shati. "Mguu chini."